Kathodi ya betri ya sodiamu inakufa mapema? Jua kwanza inakufaje, alafu ndo uitibu

Watu wakiona kathodi yao ya sodiamu (upande chanya wa betri) inapoteza kapasiti haraka, kitu cha kwanza wanakimbilia kuongeza elementi. Leo magnesiamu, kesho titani, keshokutwa zirkoni, mwisho wa siku wana sampuli kibao mezani na hakuna anayejua ipi imesaidia na kwa nini imesaidia. Mi nasema geuza utaratibu. Kathodi haifi kwa njia moja, kuna inayokufa kwa muundo kubadilika, kuna inayoliwa juu juu kwenye uso wake, kuna iliyoharibiwa na unyevu kabla hata haijaingia kwenye seli, na kuna ambayo iko hai kabisa ila jirani yake ndo mbovu. Kila moja ina dawa yake, na ukitoa dawa ya hii kwa ile umepoteza muda na kemikali.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye maabara. Yaani una tanuru, una glavuboksi ya argoni (sanduku lisilo na hewa wala unyevu), una mashine ya kuchaji na kudischaji seli ndogo za kitufe, na XRD (kipimo cha eksirei kinachoonyesha mpangilio wa atomi) unaweza kuipata hata kama ni kwa kupanga foleni. Kama huna hivyo usijaribu nyumbani, unga wa nikeli ukiuvuta unaleta saratani na sodiamu ya metali ikikutana na maji haina mzaha. Nitakaa zaidi kwenye oksidi za tabaka maana hizo ndo zinasumbua, fosfeti na zile za Prussian blue (misombo ya chuma na sianidi) nitazigusa mbele kidogo.

Shida yenyewe iko wapi

Ioni ya sodiamu ina nusukipenyo cha kama nanomita 0.102, ya lithiamu ni 0.076. Hapo ndo mengi yanapoanzia. Sodiamu ni nene, ikitoka na kuingia katikati ya tabaka za oksidi inazisukuma, tabaka zinateleza moja juu ya nyingine na mpangilio mzima unahama. Majina tunayotumia mpaka leo, O3, P2, P3 na wenzake, yalipendekezwa na Claude Delmas na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1980: herufi inakwambia sodiamu imekaa kwenye chumba cha aina gani, O ni oktahedra na P ni prizma, namba inakwambia ni tabaka ngapi mpaka mpangilio ujirudie. O3 inabeba sodiamu nyingi, karibu moja kwa kila fomula, kwahiyo kwenye seli kamili inakupa chakula cha kutosha. P2 inabeba kama 0.67 tu lakini njia zake ni pana, sodiamu inapita bila kubanwa.

Sasa angalia P2 maarufu, Na2/3Ni1/3Mn2/3O2. Kinadharia ina 173 mAh/g (kiasi cha umeme kwa kila gramu), tamu kabisa. Ila ukiichaji mpaka kama volti 4.2 dhidi ya sodiamu na kuendelea, sodiamu iliyobaki ni chache mno, tabaka zinateleza na P2 inageuka O2, jambo ambalo watafiti Lu na Dahn walilionyesha mwaka 2001. Ujazo unasinyaa kwa karibu asilimia 23. Asilimia 23! Hakuna chembe ya oksidi inayovumilia hiyo kila mzunguko, itapasuka tu, elektroliti itaingia kwenye nyufa, na nyuso mpya zitaanza kuliwa.

Upande wa O3, mfano NaNi1/3Fe1/3Mn1/3O2 ambayo watu wengi wanaanzia nayo, safari ya kutoka O3 kwenda P3 yenyewe inarudi vizuri tu. Kero inaanza juu, kwenye volti kubwa, pale atomi za chuma zinapohama kutoka nyumbani kwao na kwenda kukaa kwenye nafasi za sodiamu, zikishakaa hapo njia imezibwa. Kwenye NaFeO2 tupu utaliona hilo mapema sana, ukipita volti 3.5 hivi tayari imeanza kuharibika.

Na chini pia kuna mtego. Ukidischaji sana, manganizi inashuka kuwa Mn3+, hii inavuta oktahedra yake upande mmoja (Jahn-Teller hiyo), na mbili zikikutana zinaweza kugawana elektroni zikawa Mn4+ na Mn2+, hiyo Mn2+ inayeyuka kwenye elektroliti na kwenda kuchafua anodi, upande hasi wa betri. Kwahiyo kathodi yenye manganizi nyingi inaumia juu na chini.

Mchunguze mgonjwa kabla ya dawa

Hii sehemu ndo watu wanairuka na ndo ya maana kuliko zote. Una seli ya nusu, kathodi yako dhidi ya sodiamu ya metali, kapasiti imeshuka. Fanya hivi.

Jaribio la kwanza ni la bure: punguza kasi. Kama ulikuwa unaizungusha kwa 1C (kujaza kwa saa moja), ishushe mpaka C/20 (saa 20) na uipe mizunguko miwili mitatu. Kapasiti ikirudi karibu yote basi muundo haujafa, kilichopanda ni ukinzani, na hapo mshukiwa ni uso wa kathodi, elektroliti, au mawasiliano ya umeme kati ya chembe. Isiporudi, material yenyewe imeharibika au sodiamu imepotelea mahali.

La pili, fungua seli ndani ya glavuboksi, chukua kathodi ileile, ivalishe sodiamu mpya na elektroliti mpya, funga tena. Wengi wanashangaa hapa, kapasiti inarudi kama vile hakuna kilichotokea! Kumbe sodiamu ya metali ndo ilikuwa imejaa uchafu na kukausha elektroliti. Sodiamu inakula elektroliti za kaboneti vibaya sana, kwahiyo grafu ya nusu seli inayoporomoka baada ya mizunguko mingi siyo ushahidi kamili dhidi ya kathodi. Kabla hujadopi chochote (yaani kuingiza elementi ngeni kidogo kwenye muundo) hakikisha hili limeshajibiwa.

La tatu ni dQ/dV (grafu ya kapasiti inayopatikana kwenye kila volti), ambayo unaitoa kwenye data uliyonayo tayari. Chora mzunguko wa 2, wa 50, wa 100 juu ya kila mmoja. Vilele vikihama, vya kuchaji vinapanda na vya kudischaji vinashuka huku eneo chini yake likibaki lilelile, ni ukinzani. Kilele kimoja tu kikiwa kinayeyuka, mfano kile cha volti 4.2 cha P2, basi ni badiliko la muundo na umeshajua ni lipi. Vilele vyote vikibaki palepale lakini vinapungua urefu kwa pamoja, ujue kuna chembe zimekatika kutoka kwenye umeme, zimepasuka au zimebanduka.

Alafu XRD. Kwa mionzi ya Cu Kα (eksirei ya shaba), P2 yenye afya ina kilele cha 002 karibu na nyuzi 16. Ikigeuka O2 kilele hicho kinaruka mpaka karibu nyuzi 20, huwezi kukikosa. O3 ina 003 karibu nyuzi 16.6, na ikienda P3 inasogea chini kidogo maana tabaka zinaachana. Ukiona kilele kipya karibu nyuzi 12.5 hicho sio cha kuchaji, hayo ni maji yameingia katikati ya tabaka, tutarudi hapo. Na vilele vidogo vya nyuzi 37.3, 43.3 na 62.9 ni NiO, nikeli ambayo haikuingia kwenye muundo tangu tanuruni.

ICP (kipimo cha kiasi cha kila elementi) ya elektroliti au ya anodi itakwambia kama metali zimeyeyuka. SEM (hadubini ya elektroni) ya mkato wa chembe itakuonyesha nyufa. Hizo zikikosekana sio mwisho wa dunia, tatu za mwanzo zinatosha kukuonyesha njia.

Dawa rahisi kuliko zote: volti

Kabla ya kubadili kemia badili dirisha la volti. Ile P2 ya nikeli na manganizi ukiikatia 4.1 badala ya 4.5 haifiki kwenye O2 kabisa, inabaki na kama nusu ya kapasiti ya kinadharia lakini inadumu. Watu hawapendi jibu hili kwa sababu linapunguza namba nzuri ya kwenye grafu, ila kama betri yako ni ya kukaa mahali na kuhifadhi umeme, kapasiti ndogo inayodumu ina faida kuliko kubwa ya wiki moja. Hata kama hutaki kubaki hapo, fanya jaribio hili kama kipimo: ikidumu kwa 4.1 na kufa kwa 4.5, tayari umejua dawa yako ni ya muundo wa juu, usihangaike na mambo ya chini.

Vivyo hivyo upande wa chini. Inua kikomo cha dischaji kutoka 1.5 mpaka 2.0 au 2.2 uone kama manganizi inatulia.

Kupika vizuri, kabla ya kudopi

Sehemu kubwa ya "dopanti yangu imesaidia" ukiichimba unakuta ni upishi wa mara ya pili uliokuwa mzuri kuliko wa kwanza. Tuchukue gramu 10 za NaNi1/3Fe1/3Mn1/3O2 kwa njia ya kuchanganya unga mkavu. Uzito wa moli moja ni 111.5, kwahiyo gramu 10 ni moli 0.0897. Unahitaji NiO gramu 2.23, Fe2O3 gramu 2.39, Mn2O3 gramu 2.36, na Na2CO3 gramu 4.75. Sasa sodiamu inaruka mvuke kwenye joto kali, ndo maana tunaongeza asilimia 2 mpaka 5 juu, ukiweka 5 inakuwa 4.99. Hiyo ziada sio ya kukisia. Ikipungua unapata NiO na P2 ndani ya O3, ikizidi inabaki juu ya chembe kama kaboneti na haidroksidi ya sodiamu na itakutesa kwenye slari (uji wa kupaka kwenye foili). Pika sampuli tatu za ziada tofauti kwenye tanuru lako wewe, kwa kikombe chako na kifuniko chako, alafu pima ICP uone uwiano wa sodiamu kwa metali umetua wapi. Tanuru la mwenzako halikuhusu.

Na2CO3 ikaushe kabla ya kupima, inavuta unyevu, ukipima maji ukadhani ni sodiamu hesabu yote imeharibika. Saga kwenye mashine ya mipira mpaka unga uwe na rangi moja, ugandamize uwe vidonge, pika kama nyuzi 900 za Selsiasi kwa saa 12 hadi 15 kwenye hewa kavu au oksijeni. Alafu jambo dogo lenye madhara makubwa: usiache sampuli ilale tanuruni mpaka asubuhi ipoe kabisa kwenye hewa ya kawaida. Itoe ikiwa bado na nyuzi 150 hadi 200 na uiingize moja kwa moja kwenye chumba cha kupitishia cha glavuboksi.

Ukiwa na uwezo wa kupresipiteti haidroksidi kwa pamoja (kuzitoa kwenye maji kama mashapo) fanya hivyo, mchanganyiko unakuwa wa kiwango cha atomi. Salfeti za nikeli, chuma na manganizi, NaOH, amonia kidogo ya kushika ioni, nyuzi 50 hadi 60, pH inayodhibitiwa karibu 11, na naitrojeni ikipita muda wote kwa sababu Mn2+ na Fe2+ zikiona oksijeni zinageuka na chembe zinatoka ovyo. Chembe zinakuwa mipira mizuri ya vijichembe vidogo vingi. Ila mipira hiyo ndo inayopasuka kwenye maungio yake ikibanwa na kupumua sana, kwahiyo kama SEM ilikuonyesha nyufa za maungioni, fikiria chembe za fuwele moja: joto la juu kidogo, muda mrefu zaidi, ukubwa wa mikromita chache. Kasi itapungua kidogo, uimara utapanda.

Kudopi kwa hesabu

Sasa ndo tunafika. Kanuni ya kwanza ni chaji. Kwenye ile O3 yetu nikeli iko Ni2+, chuma Fe3+, manganizi Mn4+, wastani ni 3 na sodiamu moja inakamilisha. Ukitoa Mn4+ weka Ti4+, ukitoa Ni2+ weka Mg2+, Zn2+ au Cu2+. Ukitoa Mn4+ ukaweka Mg2+ bila kugusa kingine umelazimisha nikeli au chuma kupanda chaji wakati wa kupika, au umetengeneza uchafu pembeni, na hiyo tofauti utakayoiona kwenye grafu sio kazi ya magnesiamu peke yake.

Kwa nini Mg (magnesiamu) inatibu P2? Mg haibadilishi chaji. Nikeli ikipungua, elektroni za kutoa zinapungua, kwahiyo hata ukifika volti za juu kuna sodiamu inabaki ndani ikishikilia tabaka zisiteleze, na badala ya kuruka P2 kwenda O2 kwa kishindo unapata mpito wa taratibu. Bei yake inahesabika kabisa. Ukienda Na0.67Ni0.28Mg0.05Mn0.67O2, nikeli 0.28 inatoa elektroni mbili mbili, jumla 0.56, na kapasiti ya kinadharia kutoka nikeli inashuka toka 173 mpaka kama 147 mAh/g. Ukitaka Mg ya 0.15 fanya hesabu hiyohiyo kwanza kabla ya kuwasha tanuru, unaweza ukaahirisha.

Titani ina tabia nyingine. Inashika oksijeni kwa nguvu kuliko manganizi, na inavuruga ule mpangilio wa kupangana wa ioni za sodiamu na chaji za metali, ndo maana grafu ya volti yenye ngazi ngazi inakuwa mteremko laini. Watafiti Yoshida, Komaba na wenzao waliweka titani badala ya sehemu ya manganizi, Na2/3Ni1/3Mn1/2Ti1/6O2, na kusinyaa kule kwa asilimia 23 kukashuka mpaka kama 12 au 13, na kapasiti ya karibu 127 mAh/g ikabaki inatumika. Kama dQ/dV yako imejaa vilele vyembamba vingi, titani ndo ya kuanza nayo.

Shaba naipenda kwa sababu inafanya kazi mbili, inatoa elektroni na pia inaifanya material ivumilie hewa. Kundi la Hu Yong-Sheng la China lilitoa Na0.9Cu0.22Fe0.30Mn0.48O2 mwaka 2015, haina nikeli wala kobalti, kapasiti ni kama 100 mAh/g tu lakini inakaa kwenye hewa. Kalsiamu ni ya kipekee, ioni yake ina karibu upana sawa na sodiamu, kwahiyo inaingia kwenye nafasi za sodiamu na kukaa hapo kama nguzo. Kidogo tu, ikizidi inaziba njia. Kuna pia wale wa entropia ya juu, mwaka 2020 walichapisha O3 yenye elementi tisa kwenye tabaka la metali, na inafanya kazi kweli, lakini kwa anayeanza siishauri maana kitu kikienda kombo utamlaumu nani kati ya tisa?

Ukishadopi thibitisha kwamba imeingia. Pika viwango vitatu, mfano 0, 0.03 na 0.06, pima XRD, kama vipimo vya selikizio (kipande kidogo cha fuwele kinachojirudia) vinasogea kwa mstari kulingana na kiasi basi imeingia. Visiposogea na kuna vilele vidogo vya pembeni, ulichonacho ni unga wa zamani uliochanganyika na oksidi ya dopanti.

Koti la juu

Kama majaribio ya mwanzo yalisema tatizo ni uso, koti linasaidia kuliko dopanti. Ile ya kawaida ni Al2O3: aluminiamu isopropoksidi kwenye isopropanoli kavu, unga ndani, koroga, kausha, choma kama nyuzi 400 hadi 500, kiasi cha asilimia 1 mpaka 2 ya uzito. Usitumie maji kama kiyeyushi kwa O3 hata siku moja, maji yanang'oa sodiamu na kuweka hidrojeni mahali pake. Ukipandisha joto sana aluminiamu inazama ndani na koti linageuka dopanti, sio vibaya lakini sio ulichokuwa unataka.

Ninalolipenda zaidi ni koti la fosfeti, kwa sababu linageuza uchafu kuwa mlinzi. Kaboneti iliyobaki juu ya chembe inakutana na NH4H2PO4:

3Na2CO3 + 2NH4H2PO4 → 2Na3PO4 + 3CO2 + 2NH3 + 3H2O

Tuseme umetaitreti ukakuta unga wako una Na2CO3 asilimia 1. Kwenye gramu 10 hiyo ni gramu 0.1, moli 0.00094. Unahitaji theluthi mbili ya moli hizo, yaani gramu 0.072 za NH4H2PO4. Kiduchu hivyo! Watu wanamwaga nusu gramu alafu wanashangaa fosfeti imeanza kufyonza sodiamu kutoka ndani ya kathodi yenyewe. Saga pamoja kwa ukavu, choma kwa mkondo wa hewa kavu ili mvuke wa maji utoke, na amonia inatoka pia kwahiyo fanya chini ya kifyonza hewa.

Kutaitreti ni rahisi: gramu moja ya unga kwenye maji yasiyo na CO2, koroga dakika chache tu, chuja, dondosha HCl. Fenoftalini ikipoteza rangi una haidroksidi pamoja na nusu ya kaboneti, endelea na metili ya machungwa upate nusu iliyobaki. Usiache unga ukae kwenye maji saa nzima maana sodiamu ya ndani nayo itatoka na utapata namba ya kutisha isiyo ya kweli.

Hewa na slari

Oksidi za tabaka, O3 hasa, zikiachwa kwenye hewa yenye unyevu zinatoa sodiamu ambayo inageuka NaOH, alafu inakula CO2 inakuwa kaboneti. Juu kunakuwa na ganda lisilopitisha umeme, ndani kumepungua sodiamu. Ukifika hatua ya slari ndo majibu yanakuja: PVDF, gundi (bainda) inayoshika unga kwenye foili, haipendi besi, inapoteza HF (haidrojeni floraidi), rangi inakuwa ya kahawia, na slari inaganda kama uji ulioachwa sufuriani. Ikishaganda itupe, usiongeze kiyeyushi ukadhani umeokoa, bainda imeshabadilika na elektrodi itabanduka.

Kwahiyo unga ukae glavuboksi, NMP (kiyeyushi cha slari) iwe kavu, changanya haraka, paka, na ukaushe elektrodi kwenye vakyumu nyuzi 110 au 120 usiku kucha. Kwa foili tumia aluminiamu, tena hata upande wa anodi, maana sodiamu haichanganyiki na aluminiamu kama lithiamu inavyofanya. Kuhusu elektroliti nitasema machache: NaPF6 moli 1 kwenye kaboneti ya propileni, FEC (kiongezi cha elektroliti) asilimia 2 hadi 5, maji chini ya ppm 20. NaPF6 ikikutana na maji inatoa HF na HF ndo inayotafuna metali za kathodi, hivyo elektroliti iliyofunguliwa miezi mingi iliyopita inaweza kukuharibia kazi nzuri ya koti na dopanti kwa pamoja.

Fosfeti na Prussian blue, kwa ufupi

Fosfeti hazihitaji huruma nyingi kwenye muundo. Na3V2(PO4)3 ina 117.6 mAh/g kwa karibu volti 3.4 na mabadiliko ya ujazo ni kama asilimia 8, Na4Fe3(PO4)2P2O7 ina 129 na inabadilika hata chini ya hapo, nusu yake hivi. Udhaifu wao ni umeme, zinapitisha vibaya, kwahiyo koti la kaboni ni lazima na lipikwe palepale na material, chanzo cha sukari au asidi ya sitiriki kwenye argoni. Kwa ile ya chuma angalia joto, karibu nyuzi 500 hadi 550, na chunga NaFePO4 ya marisaiti isizaliwe ndani, haifanyi kazi yoyote kwenye seli na inakula uzito tu.

Prussian blue zinakufa kwa maji na mashimo. Presipiteti taratibu sana ukitumia sitreti ya sodiamu kushika ioni za chuma, ndo fuwele zinatoka zenye mashimo machache, alafu kausha kwenye vakyumu kwa muda mrefu. Asidi isikaribie, na usipandishe joto ovyo, humo ndani kuna sianidi.

Kupima bila kujidanganya

Sampuli iliyotibiwa na isiyotibiwa zipikwe wiki moja, zipakwe kwa uzito uleule kwa sentimita ya mraba, na kila moja iwe na seli tatu angalau. Elektrodi nyembamba ya miligramu 1 au 2 inapendeza kila kitu, ongeza ifike 8 au 10 uone kama tiba bado ipo. Nusu seli itumie kujua kemia, ila uimara upime kwenye seli kamili dhidi ya kaboni ngumu, anodi ikiwa na kapasiti ya ziada ya asilimia 10 hadi 20. Hapo sodiamu haina akiba ya kujificha. Ufanisi wa kulombu (sehemu ya chaji inayorudi kila mzunguko) wa 99.5% unaonekana mzuri mpaka uuzidishe: kwa mizunguko 200 inabaki 37% hivi ya sodiamu uliyoanza nayo, wakati 99.9% kwa mizunguko 100 inakuachia 90%. Kwenye nusu seli hutaona hilo kwa sababu sodiamu ya metali inafidia kimyakimya.

Weka seli nyingine nyuzi 45, joto linaharakisha kuyeyuka kwa manganizi na magonjwa ya uso, na nyingine ichaji mpaka juu uiache ipumzike siku kadhaa ukiangalia volti inavyoshuka. Mwisho wa majaribio zifungue zote mbili, iliyotibiwa na ile nyingine, piga XRD na ICP ya anodi kwa kila moja. Kama koti lako lilikuwa la kuzuia manganizi kuyeyuka, basi manganizi kwenye anodi lazima iwe imepungua. Isipopungua na seli bado imedumu zaidi, kuna sababu nyingine ndani ya seli hiyo, rudi kwenye lile jaribio la C/20 uitafute.